Uliza Fundi Futi: Swala wa Marekani, kreti la soda na futi ya fundi cherehani

Habari zenu wasomaji. Mwezi huu mmeniandikia kweli kweli, na sijui kama mmekaa kikao mkakubaliana au vipi maana karibu wote mnauliza kitu kimoja, pembe na kipimo chake. Kwa walioanza kutusoma leo, mimi nimekuwa trekka, yaani mfuata nyayo za wanyama kwenye uwindaji, baadaye mchunaji wa ngozi, baadaye mpimaji wa pembe kambini, miaka kama 30 hivi, sasa hivi nimetulia zangu Kijenge hapa Arusha na futi zangu na goti linalouma. Twende.

Shikamoo mzee. Mi ni trekka, nakaa Ngaramtoni. Msimu uliopita mgeni wetu mmoja Mmarekani alinionyesha kwenye simu picha ya mnyama wa kwao anaitwa pronghoni, akasema huyu ni 82, ni wa kitabu cha rekodi kabisa. Mi nikacheka maana pembe yenyewe fupi, swala pala wetu anamzidi karibu mara mbili. Tukabishana mpaka tukawekeana kreti la soda. Sasa anarudi Agosti. Hiyo 82 ni ya nini? Mtu anajuaje saizi ya pembe mnyama akiwa amesimama kule mbali? Na hivi vitabu vya rekodi ni vya kuaminika au ni biashara tu? (Trekka wa Ngaramtoni)

Marahaba dogo. Kwanza kabisa anza kuweka pembeni hela ya hilo kreti maana umeshapigwa. Hiyo 82 siyo inchi za urefu, hakuna pronghoni mwenye pembe ya inchi 82, angekuwa anatembea kama mnara wa simu. Ni pointi, na pointi zinatoka kwenye vipimo 12 vilivyojumlishwa, ndo maana hukuelewa na wala sikulaumu.

Huyo mnyama nimueleze kidogo maana wengi hawamjui. Anaishi kwenye nyika za magharibi mwa Marekani, Wyoming na Montana ndo kwao hasa, anagusa na Kanada na Mexico. Mwili ni kama wa swala pala, kilo 40 hadi 60. Mbio zake wanasema zinafika kama kilomita 88 kwa saa, yaani angepita pale Kwa Sadala trafiki wangempiga tochi na faini angelipa. Wamarekani wenyewe wanamwita swala ila siyo swala, yuko peke yake kwenye ukoo wake, ndugu zake wa karibu waliobaki duniani ni twiga na okapi, hebu fikiria. Pembe inapanda juu halafu katikati kinachomoka kitawi kuelekea mbele, ni kama pale Njia Panda ya Himo, barabara kubwa inaenda zake Same nyingine inachomoka kwenda Holili. Mi namwita swala panda, ila hilo jina ni langu mwenyewe msije mkaliandika kwenye mtihani.

Sasa pointi. Mfumo anaoutumia mgeni wako ni wa klabu ya Boone and Crockett, ile iliyoanzishwa 1887 na kina Theodore Roosevelt, na upimaji wao huu wa pointi ulikubaliwa rasmi 1950. Kila pembe inapimwa mara sita. Unapima urefu kwa kufuata upande wa nje wa mpindo kutoka shinani hadi nchani. Unachukua urefu wa ile pembe iliyo ndefu unaugawa kwa nne, unaweka alama za penseli kwenye pembe zote mbili, unapima mzunguko pale shinani na kwenye alama tatu zinazofuata. Halafu unapima kitawi, kutoka ncha yake hadi unazunguka nyuma ya pembe. Kitawi kikiangukia kwenye alama yako kanuni inakuambia usogee, juu kidogo au chini kidogo kutegemea na alama ni ipi, usipime ule uvimbe. Sita kulia, sita kushoto. Upana kati ya pembe na pembe unaandikwa kwenye fomu lakini hauongezi hata pointi moja.

Chukua mfano. Pembe ya kulia urefu 15 na nusu, mizunguko 6 na nusu, 6, 4, na 2 na robo tatu, kitawi 5 na nusu. Jumla 40 na robo. Ya kushoto urefu 15, mizunguko 6 na nusu, 6, 3 na robo tatu, 2 na robo tatu, kitawi 5. Jumla 39. Ukizichanganya unapata 79 na robo, hapo mwenye mali anatabasamu. Halafu yanakuja makato kama kwenye mshahara, kila mahali ambapo kulia na kushoto hazifanani ile tofauti inatolewa: nusu ya urefu, robo ya mzunguko, nusu ya kitawi. Inabaki 78 kamili, ndo inayoingia mfukoni. Na 78 kwenye kitabu chao haiingii. Mlango wa kwanza ni 80, ule wa kitabu kikubwa cha nyakati zote ni hiyo 82 aliyokutajia, kwa hiyo mgeni wako hakuwa anajisifu hovyo, alikuwa anakuambia amegusa kizingiti.

Lakini rudi kwenye huo mfano uangalie kitu, maana hapa ndo watu wengi wanapotea. Mizunguko yote minane imetoa pointi 38 na robo. Urefu wa pembe zote mbili umetoa 30 na nusu. Yaani unene umelipa kuliko urefu! Mnyama mwenye pembe ya inchi 17 ila nyembamba, tuseme mizunguko 5 na nusu, 5, 2 na robo tatu, 2, na kitawi cha 4, anapata 36 na robo kwa pembe, zote mbili 72 na nusu hata kama zimefanana kabisa. Mwingine ana inchi 14 tu, mfupi kabisa, ila nene kama mpini wa jembe, 7, 7, 4 na nusu, 3, na kitawi cha 6, huyo anafika 83. Yule mrefu ndo wewe na mimi tungemchagua. Yule mfupi yuko kitabuni. Ndo maana ulicheka picha ile, ulikuwa unapima kwa jicho la swala pala ambaye kwetu tunamwangalia urefu basi.

Kujua akiwa mbali. Huwezi kumfuata na futi, kwa hiyo unatumia mwili wake mwenyewe. Sikio la pronghoni ni kama inchi 6, jicho ni kama inchi 2. Akikuangalia uso kwa uso linganisha pembe na sikio, ikiwa imefika mara mbili na nusu ya sikio hiyo ni 15 tayari. Kitawi kikitokea juu ya ncha ya sikio ni dalili nzuri, maana kinachokaa juu kinafanya ule mzunguko wa pale nusu ya pembe uwe mnene, kikitokea chini ya sikio unene wote unaishia chini huku juu kumebaki kidole. Akigeuka ubavu angalia shina la pembe na jicho, shina likionekana pana zaidi ya jicho kwa wazi hapo tulia umwangalie vizuri. Na ncha zilizojikunja kwa ndani kama ndoano zinaficha inchi mbili tatu ambazo macho hayahesabu, wakati pembe iliyonyooka juu inaonekana ndefu kuliko ilivyo. Ongezea na yale mawimbi ya joto mchana kwenye nyika tambarare, kila kitu kwenye darubini kinacheza kama moto wa mkaa, mwenye busara anasubiri asubuhi. Na hakikisha ni dume kwanza, dume ana doa jeusi shavuni chini ya sikio, maana majike wengi nao wana vipembe vidogo.

Ila sikio nalo ni futi, na futi inaweza kudanganya. Mimi yalinikuta kwa mbogo. Mbogo akitandaza masikio kutoka ncha hadi ncha ni inchi thelathini na kitu, sisi wote tunatumia hiyo, pembe ikizidi sikio inchi tano kila upande unajua upana wa pembe umeshavuka inchi 40. Siku hiyo nikamwangalia dume mmoja mzee kwa darubini nikamwambia bosi huyu ni 44, naapa. Mgeni akapiga. Tukafika, nikavuta futi, 39 na nusu. Nikavuta tena kama vile itaongezeka. Ndo nikaangalia masikio: yamechanika chanika na ncha zote mbili hazipo, miaka ya miiba na sijui simba na nini, yamebaki vipande. Nilikuwa nimempima kwa rula iliyokatwa. Ile kimya ya kwenye gari kurudi kambini siisahau, hata dereva aliyekuwa haachi kuimba alinyamaza.

Sasa kuhusu kuaminika, nikujibu kwa vitendo. Hapa mezani ninayo ala moja, yaani ganda la nje, ya pembe ya pronghoni, mgeni mmoja zamani aliiokota porini kwao akaniletea zawadi, naitumia kuwekea kalamu. Nimemwaga kalamu nimeipima urefu sasa hivi wakati nakuandikia. 13 na robo. Nikarudia, 13 na 3/8. Mara ya tatu, 13 na robo tena. Mkono uleule, futi ileile ya chuma, chai hata haijapoa. Tofauti imetoka wapi? Ukingo wa shina una nyuzi nyuzi na vinywele, umechongoka chongoka, pembe inaanzia wapi hapo ni kesi, na ule mstari wa kufuata mpindo wa nje mara ya pili niliusogeza kidogo. Hiyo ni nane moja ya inchi, siyo kitu. Ila vipimo viko 12, ukiegemea upande mmoja kwa nane moja kila mahali umeshatengeneza pointi moja na nusu bila kudanganya mtu. Pointi moja na nusu ndo tofauti ya 80 na nusu na 82. Na rekodi ya dunia ya sasa ya pronghoni, yule wa Socorro huko New Mexico wa mwaka 2013, ana 96 na nusu na aliyekuwa anaongoza kabla yake alikuwa 95. Umeona? Moja na nusu.

Wenyewe wanalijua hilo na kwa haki wamelifanyia kazi. Futi lazima iwe ya chuma, nyembamba. Wapimaji wanafundishwa na kupewa kibali, wanasoma mpaka nane ya inchi, na kila baada ya miaka mitatu vichwa vya juu kabisa vinaitwa vinapimwa upya na jopo la wapimaji. Kwa hiyo namba ya juu kabisa pale naiamini. Namba ya katikati, ile 82 ya kwenye simu ya mtu, naiamini hivi: inaweza kuwa 81, inaweza kuwa 83. Ukitaka kumkera mgeni wako muulize tu kama hiyo ni kabla ya makato au baada, na kama ilipimwa siku ileile au baada ya kukauka. Akisita, mdai soda mbili.

Na kuna klabu nyingine kubwa, Safari Club International, wao wanahesabu ulichonacho bila kukukata kwa kutofanana, kwa hiyo kichwa kilekile kinakuwa na namba mbili kulingana na kitabu gani. Halafu kina Rowland Ward walioanzia London, kitabu chao kimeanza 1892, wao kwa swala wengi wanataka urefu wa pembe moja iliyo ndefu basi, na matoleo yao ya zamani yana vichwa vingi ambavyo kipimo kimeletwa na mwenyewe aliyempiga. Mwenyewe! Ni sawa na mimi nijisahihishie mtihani.

Kaka Fundi, habari za Arusha. Mi ni fundi cherehani hapa Kiboriloni Moshi. Marehemu baba alikuwa na leseni ya uwindaji ya mkazi miaka ya nyuma, ametuachia fuvu la swala pala lina karatasi imeandikwa inchi 27. Mdogo wangu akabisha ikabidi nipime kwa futi yangu ya kazini nikapata 25 na nusu. Baba alidanganywa au alitudanganya? (Mama Fundi)

Mama, hili lako lilinikaa kichwani mpaka nilipokuja Moshi kwenye msiba nikapita hapo dukani kwako, wewe unajua, ila acha wasomaji nao wapate maana ni tamu.

Nilikuja na futi yangu ya chuma. Kabla ya kugusa pembe nikaitandaza futi yake ya kitambaa mezani pembeni ya ile yangu, kati ya vifundo vya uzi na kitenge cha mteja. Ile ya kwake ni ya njano, imefifia, namba 34 hadi 38 karibu hazisomeki maana ndo kiuno cha watu wengi. Kile kichuma cha mwanzo kilishang'oka zamani, mtu akakata na mkasi akakunja akashona, kwa hiyo nusu inchi ya kwanza haipo, inaanzia hewani. Nikasema basi kesi imekwisha. Lakini nusu inchi ikikosekana mwanzoni futi inasoma zaidi, siyo pungufu, sasa mbona yeye alipata pungufu?

Tukaivuta mpaka mwisho. Alama yake ya 60 ikaangukia kwenye 60 na nusu ya chuma. Maana yake kitambaa kimelegea, kimenyooka inchi nzima kwa miaka yote ya kuvutwa viunoni, na futi iliyolegea inasoma pungufu. Kosa moja linaongeza, jingine linapunguza, na nilipoangalia pale kwenye 27 yake dhidi ya 27 yangu zimelingana karibu kabisa. Makosa mawili yameuana! Futi mbovu pande zote mbili, na kwa urefu wa pembe ya swala pala inasoma sawa na ya chuma.

Kwa hiyo tatizo halikuwa futi. Nikamwambia apime mbele yangu. Akashika fuvu, akapitisha futi kwa ndani ya mpindo, upande wa nyuma ambako ni laini, maana fundi cherehani mikono yake inapenda njia iliyo fupi na nyoofu. Pembe ya swala pala inapimwa mbele, juu ya zile pete, bila kuibana futi iingie kwenye mabonde kati ya pete na pete. Tukapima tena, kwa futi yake hiyohiyo mbovu. 26 na 6/8. Kwa yangu ya chuma 26 na 6/8.

Ile robo iliyobaki mimi nailaumu jua. Karatasi ya baba yako iliandikwa kambini, na pembe mbichi ikikauka inanywea kidogo. Baba hakudanganya mtu, mwambie mdogo wako. Na mama, ile karatasi siyo ya kipimo tu, ndani ya bahasha niliona na hati ya umiliki wa nyara, iweke pamoja na hati ya kiwanja, maana kwa sheria yetu nyara bila hati ni mali ya serikali na kukutwa nayo ni kesi mbaya sana. Usiuze, usimpe mtu, kabla hujapita ofisi ya wanyamapori ya wilaya wakakuelekeza.

Halafu kuna kitu nilimwuliza wakati natoka, na futi hii nguo za wateja zinakaaje? Akanicheka. Akasema zinakaa vizuri kwa sababu mtu anampima na futi hii na kitambaa anakikata na futi hiihii. Jamani. Nimepima pembe miaka 30 hakuna aliyenieleza rekodi za uwindaji kwa ufupi namna ile. Futi ikiwa moja, mbovu au nzima, anayepimwa na anayekatiwa wanalingana. Kitabu cha rekodi kinachukua futi elfu moja za watu elfu moja, kuna aliyepima kwa ndani kuna aliyepima kwa nje, kuna aliyesubiri pembe ikauke kuna aliyekuwa na haraka ya ndege, halafu kinawapanga mstari mmoja mpaka nane ya inchi. Ile mikanuni yote ya kina Boone and Crockett niliyoieleza juu kazi yake ni hiyo tu, kujaribu kuwafanya watu elfu moja wawe fundi cherehani mmoja.

Shikamoo mzee. Nasoma Chuo cha wanyamapori cha Mweka. Mwalimu alisema pembe hazidondoki, zinazodondoka ni zile za paa wa Ulaya. Halafu nasoma pronghoni anaangusha kila mwaka. Ipi ni sahihi? Na pembe kubwa ina maana mnyama ni mzee? (Mwanafunzi, Mweka)

Marahaba binti yangu au mwanangu, hukusema. Mwalimu yuko sahihi na kitabu kiko sahihi, huyu mnyama ndo msumbufu. Pembe ya swala wetu, mbogo, tandala, ni mfupa ndani umevaa ala ya kitu kilekile cha kucha, ala haitoki maisha yake yote, inakua tu. Za paa wa Ulaya ni mfupa mtupu, unadondoka wote. Pronghoni ana mfupa ndani na ala nje kama mbogo, ila ala ndo inadondoka kila mwaka baada ya msimu wa kupandana, kama Oktoba Novemba hivi, mfupa unabaki, na ala mpya inakuwa imeshaanza kuota chini yake. Hiyo niliyonayo mezani ni ya kudondoka, nyepesi kama ganda la karanga, ukichungulia ndani unaona shimo limechukua umbo la mfupa.

Sasa jibu la pili linatokana na hilo. Kama pembe inaanza upya kila mwaka, basi haihifadhi miaka. Inaonyesha zaidi mwaka huo alikula nini, mvua nzuri na malisho mazuri anaota nene, ukame anaota kimbaumbau, hata kama ni dume lilelile. Umri wanausoma kwenye meno. Kwa mbogo ni kinyume na hapo ndo mimi nina ugomvi na vitabu. Mbogo mzee kweli ncha zimelika, amechimba na kupigana miaka mingi, upana unarudi nyuma. Dume kijana ambaye paji la pembe, pale pembe mbili zinapokutana juu ya kichwa, bado laini, nywele zinaonekana katikati, anaweza kuwa na upana wa 42, ambayo ndo inchi za kuingilia kitabu cha Rowland Ward, na bado hajamaliza kuzalisha. Nimeona vijana wakipigwa kwa ajili ya namba na wazee waliostahili wakiachwa. Safari Club wao kwa mbogo wanahesabu pembe na paji badala ya upana, afadhali kidogo. Na sheria yetu kwa simba haiulizi saizi kabisa, inauliza umri, chini ya miaka 6 haruhusiwi, na kwa tembo inauliza meno, kilo 20 au sentimita 160.

Ukiandika tafiti yako usije ukachukua kitabu cha rekodi ukasema hii ndo hali ya wanyama. Mwenye pembe ya 79 hayumo, mwenye 85 ambaye aliyempiga hataki makuu hayumo. Kuna watafiti wa Marekani 2013 walichambua maelfu ya rekodi hizo za Boone and Crockett kuanzia 1900 hadi 2008 na wakaona saizi imeshuka kidogo kwa aina nyingi, na ni kazi nzuri, ila waliandika kurasa nyingi kujieleza kwa nini walichokiona siyo futi imebadilika. Na wewe ujieleze. Kitu kingine ambacho watu hawajui, wale waliokuwa wanapima mwanzoni hawakuwa na haja sana ya mashindano, waliamini wanyama wanaisha. Pronghoni mwenyewe mwanzoni mwa miaka ya 1900 alibaki wa maelfu tu. Mwaka 1922 walifungua nyumba ya vichwa na pembe kwenye bustani ya wanyama ya Bronx, New York, kama kumbukumbu ya wanyama wanaotoweka, yaani walikuwa wanapima maiti ya ukoo mzima. Leo pronghoni wako mamia ya maelfu na ile tanzia imegeuka ligi.

Mzee nikitaka pembe isinywee niipake mafuta au niiloweke? (Usa River)

Wewe ndo wale. Kanuni ni siku 60 ikauke kwenye hewa ya kawaida ya chumba ndo ipimwe, siyo jikoni juu ya moshi, siyo kwenye ndoo ya maji. Ukiiloweka itavimba, mpimaji mwenye akili ataishika tu ataijua kwa uzito.

Fundi, babu yangu alikuwa anasema pembe kubwa za ndovu kuliko zote duniani zilitoka hapa mlimani. Ni kweli au ni sifa za Wachagga? (Marangu)

Sifa za Wachagga zipo ila hii, kwa uzito, babu yako alikuwa sahihi. Yule tembo aliuawa 1898 kwenye miteremko ya Kilimanjaro, meno yake yakauzwa Unguja, leo yako makumbusho ya historia ya asili London. Kila moja lina urefu wa zaidi ya mita 3. Uzito unaotajwa kwenye vitabu ni ratili 226 na nusu kwa lile zito na 214 kwa mwenzake, zote mbili kama kilo 200, yaani kila jino linamzidi uzito mtu mzima wa kawaida.

Ila na wewe nikuongezee kidogo kwa sababu ya mazungumzo ya leo. Lile zito lilipokuwa sokoni Unguja lilitajwa kuwa limezidi ratili 230. Hakuna aliyeiba. Jino la tembo lina maji, na miaka ilivyokwenda maji yakatoka.